"Mama si upo upo tu nyumbani?" Wenye wajukuu tuzungumze

#1 | BibiWaMwika

Habarini za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimekuwa nasoma humu kimya kimya kwa miaka mitatu, mjukuu wangu mkubwa ndiye aliyenifungulia akaunti. Leo nina jambo langu, naombeni tuzungumze, hasa wenye wajukuu.

Nimezaliwa 1958. Ni mjane, nina watoto wanne, wajukuu saba na wa nane yuko njiani. Naishi Mwika, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu mume wangu. Nilimaliza darasa la saba 1975, mwaka uliofuata nikachukuliwa kuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wakati ule nchi inatafuta walimu kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la 1974. Tulikuwa tunafundisha huku wenyewe tunasoma, kwa masomo ya posta na redio, na mratibu anakuja kutukagua. Karibu miaka yangu yote nimefundisha darasa la kwanza na la pili. Nilistaafu 2018 nilipotimiza miaka 60.

Kilichonileta ni maneno ya simu moja. Mwanangu wa tatu yuko Dar. Wiki iliyopita alinipigia usiku, akaniambia mkewe atajifungua mwezi wa pili na dada wa kazi ameshaondoka, kwa hiyo wamekubaliana niende nikae nao "mwaka mmoja hivi, mpaka mtoto atembee". Nikamuuliza, na darasa langu? Akasema: "Mama, lile si la kujitolea tu? Wewe si upo upo tu nyumbani?"

Sikumjibu vibaya. Nilimwambia nitafikiri. Nikakaa jikoni mpaka moto ukazima.

Naombeni niwaeleze huko kuwepo kwangu kulivyo. Naamka saa kumi na moja. Nina ng'ombe wawili wa ndani, na ng'ombe wa ndani hajui Jumapili wala msiba, lazima ale. Nakata majani, napasua mgomba uliokwisha kuvunwa nawachanganyia, nakamua. Jumanne ni zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, naenda na jembe mwenyewe kufungua. Ukichelewa nusu saa maji yameshafika kwa mwingine. Mchana nalipumzisha goti. Saa tisa alasiri, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, naoga, navaa gauni la kazi, naenda kufundisha.

Darasa lilianza 2019. Mtoto wa jirani, yuko darasa la nne, alikuja kuchukua maziwa akiwa na barua ya shule mkononi. Nikamwambia nisomee, miwani iko ndani. Akaishika vizuri, macho yakapita juu ya mistari moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Wanataka mchango." Nilipofuata miwani nikakuta barua ni ya kikao cha wazazi, hakuna mchango wowote humo. Yule mtoto alikuwa amejifunza kila kitu cha kusoma isipokuwa kusoma. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mtendaji wa kijiji, nikawaambia ninachotaka kufanya na kwamba sitachukua shilingi. Usharika wakanipa chumba cha shule ya Jumapili.

Nilianza na watoto watano, sasa ni kumi na saba. Silabi nimeziandika kwenye vipande vya maboksi, hesabu tunafanya kwa vizibo vya soda, chaki nanunua mwenyewe. Mzazi akiniletea ndizi au mzigo wa kuni napokea, maana kukataa ni kumdharau. Fedha sichukui.

Sasa nauliza. Hivi ni dhambi bibi kusema mwaka mzima hapana? Nawapenda wajukuu zangu kuliko maelezo. Lakini wanakuja Desemba siku tano, tunachinja, tunapiga picha, wanaondoka, na mimi nabaki sijui hata mtoto yupi anaogopa giza. Na wengine mlio na kazi za kujitolea, mnagawaje?

#2 | kijana_wa_tabata

Shikamoo bibi. Nimesoma mpaka mwisho, nikaweka simu pembeni, kisha nikampigia mama yangu.

#3 | MamaWawili_Dsm

Shikamoo mama. Naomba niseme kwa niaba ya mke wa mwanao, maana nipo kwenye viatu hivyo hivyo.

Likizo ya uzazi ni siku 84. Siku ya 85 unatakiwa ofisini saa mbili kamili, na mtoto wa siku 85 hata kukaa hawezi. Unamwacha na nani? Dada wa kazi niliyempata mara ya kwanza alikaa wiki mbili. Wa pili nilirudi siku moja nikakuta mwanangu amefungiwa chumbani, yeye yuko nje kwenye simu. Kituo cha kulelea watoto cha karibu kinapokea kuanzia mtoto anayetembea. Hapo unamkumbuka mama. Hukumbuki kwamba mama ana darasa, ana ng'ombe, ana zamu ya maji. Unakumbuka mikono yake tu.

Mwanao kakosea kusema. Lakini nyuma ya yale maneno kuna hofu, na wanaume wetu wakiwa na hofu huongea kama wanatoa amri. Mama, usiwakatalie kwa hasira.

#4 | BibiWaMwika

Marahaba mwanangu. Umeniliza. Hiyo hesabu ya siku 84 sikuwahi kuipiga. Mimi nilifikiri wananihitaji kwenye kujifungua, kumbe shida yenyewe inaanza pale likizo inapoisha.

Mkwe wangu ni mtoto mzuri, sina ugomvi naye hata kidogo. Ila hajawahi kuniuliza mwenyewe. Kila kitu napewa na mwanangu kikiwa kimeshaamuliwa.

#5 | damu_nzito

Kwa heshima zote bibi, mjukuu wako kwanza, watoto wa watu baadaye. Hao kumi na saba wana wazazi wao na wana shule. Serikali inalipa walimu. Mjukuu wako bibi zake ni wawili tu duniani.

#6 | BabuMakunduchi

Assalaam aleikum. Mie niko Makunduchi, Unguja, nakaribia themanini. Namjibu huyo aliyesema watoto wa watu.

Baada ya alasiri nasomesha watoto chuoni, Kurani, mwaka wa ishirini huu. Silipwi. Katika wale watoto yumo ambaye babu yake alinisomesha mie. Sasa huyo namwita mtoto wa nani? Kijiji hakina watoto wa watu.

Na jengine. Ilipoanza pensheni jamii hapa Zanzibar, Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, wapo waliosema kidogo. Kwangu haikuwa kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mjukuu kaja kunisalimia akakuta babu ana cha kumtia mkononi. Mzee akiwa na chake, fedha au kazi, mjukuu humtazama kwa jicho jengine.

Wanangu wako Mjini, mmoja yuko Muscat. Huku kwetu watu hurudi kwa wingi siku za Mwaka Kogwa, mwezi wa saba. Zamani walikuwa wanakuja asubuhi ya sherehe, jioni gari zimeshaondoka. Nikawaambia: siku ya sherehe mnakuja kuangalia watu, hamji kwangu. Njooni siku tatu kabla. Wajukuu nawapeleka chuoni, wanakaa mkekani na wenzao, wengine kutoka skuli kubwa za Mjini. Mmoja kampata rafiki pale, mpaka leo wanapigiana simu. Sasa yeye ndiye anayemshurutisha baba yake kuja.

#7 | KukhuKakamega

Hamjambo majirani. Mimi ni kukhu, yaani nyanya, kutoka Kakamega, Kenya. Nyinyi mnaongea juu ya wajukuu wanaokuja, wangu hawaendi. Nalea watatu. Mama yao anafanya kazi ya nyumba Doha. Nilipoachiwa niliambiwa ni mwaka mmoja, ajipange kidogo. Huu ni mwaka wa saba.

Kwa hivyo dada yangu wa Mwika, nisikilize. Usikubali neno "mwaka mmoja hivi". Mwaka wa kulea mtoto haukuwi mwaka. Sema miezi, utaje siku ya kwenda na siku ya kurudi, na wote wawili wasikie, mwanao na mkewe.

Sijuti kulea. Hawa watoto ndio wananiamsha. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali yetu, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa sisi tuliofika 70, zikiingia ni sabuni, sukari na daftari. Lakini Jumatano ni yangu. Tuko akina mama sita wa kanisa, tunaenda kwa wagonjwa na wazee walio peke yao. Tunawafulia, tunawachotea maji, tunawapikia uji, tunaomba nao. Wajukuu wanajua Jumatano kukhu hayuko mpaka saa kumi, na yule mkubwa anapika. Mwanzo nilikuwa naona aibu, kama nawaacha. Halafu siku moja nilikuwa na homa, nikasikia yule mkubwa anamwambia mdogo: "Leo sisi ndio tunaenda kwa mgonjwa." Wakaniletea uji kitandani, mmoja ameshika kikombe, mwingine ameshika kijiko, wa tatu ameshika Biblia ambayo hajui kusoma.

Kuhusu ziara: mama yao alikuja likizo baada ya miaka miwili, mdogo akajificha nyuma ya leso yangu, akamwita "auntie". Mama alilia mpaka usiku. Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya kulala lazima wamtaje mama, waseme kitu kimoja watakachomwambia akipiga. Yeye naye nilimwambia akija asilete zawadi nyingi siku ya kwanza. Akae kwanza. Achote maji nao.

#8 | damu_nzito

Nimewasoma babu na kukhu. Narudisha maneno yangu kuhusu "watoto wa watu". Lakini la mtoto mchanga bado linanisumbua, naomba lisisahaulike.

#9 | mwl_darasa_la_kwanza

Bibi shikamoo, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Singida, nina miaka minne kazini. Nina mambo ya ufundi tu.

Usiliache darasa liwe kichwani mwako. Kuwa na daftari moja: jina la mtoto, anapojua sauti, anaposoma silabi, anaposoma neno, anaposoma sentensi, anapoelewa alichosoma. Ukiugua au ukisafiri, mtu mwingine anafungua daftari anaanzia pale pale. Mtoto anayejifunza kusoma akikosa miezi mitatu hasimami, anarudi nyuma.

Pia, tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, watoto wanaanza na sauti za herufi. Shuleni watoto wanaambiwa /b/, ukiwaambia "be" wanachanganyikiwa. Waulize walimu wa shule yao wamefikia sauti ipi ili mwende pamoja.

#10 | BibiWaMwika

Marahaba mwalimu mwenzangu. Sisi tulianza moja kwa moja na ba be bi bo bu, na watoto walisoma. Lakini umenena kweli, nina watatu ambao nilikuwa nawaona wazito kumbe nawavuta huku na shule inawavuta kule. Daftari nimelianza jana. Wanaosoma maneno lakini bado sentensi nimewawekea alama nyekundu.

#11 | binti_wa_same

Niko Leicester, Uingereza. Nilipojifungua nilimleta mama, viza ya miezi sita. Alinipikia mtori kwa ndizi za duka la Wahindi, alimkanda mtoto, alinilea hata mimi. Mwezi wa tatu nikaanza kumkuta kila asubuhi amesimama dirishani, amevaa sweta mbili, anaangalia barabara. Nikamuuliza, mama unaumwa? Akasema, "Hapana. Ila hivi huku ni nani ananiamkia?"

Kule Same mama ni katibu wa kikoba, ndiye anayewaandikia wenzake vitabu, na msiba ukitokea ndiye anayepanga zamu za kupika. Akipita njiani anaamkiwa mpaka anachoka kuitikia. Mimi nilimkatia tiketi ya ndege nikidhani nampumzisha. Nilimrudisha mwezi wa nne, nikamwomba radhi. Sasa tunaenda sisi, wiki nne mfululizo kila baada ya miaka miwili, badala ya wiki moja moja. Mtoto wangu wiki ya kwanza anamtazama bibi kama mgeni. Wiki ya tatu wanataniana, bibi anamwita "mume wangu" naye anamdai chai. Hiyo wiki ya tatu hatukuwahi kuifikia zamani.

#12 | MamaWawili_Dsm

Bibi, Krismasi imepita. Tupe mrejesho.

#13 | BibiWaMwika

Heri ya mwaka mpya wote. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa nimetulia.

Walikuja tarehe 20, si 24 kama kawaida. Niliwaomba hivyo na nikaeleza sababu. Mwanangu alikuja kwa gari na mkewe, taratibu kwa ajili ya ile hali. Wajukuu wawili wakubwa walikuja na shangazi yao kwa treni. Tangu treni ya abiria irudi Moshi, Desemba 2019, hao watoto hawataki kusikia basi.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo darasa nililihamishia asubuhi. Jumatatu nikamwambia mjukuu wangu wa kike, ana miaka 9: leo unakwenda na bibi kazini. Akabeba sanduku la vizibo. Yeye anasoma shule ya Kiingereza, na Kiingereza anakisoma kama maji. Nikampa kitabu cha Kiswahili awasomee wenzake. Akaanza vizuri, akafika kwenye "ng'ombe", akasoma "ngombe", g ikasikika ngumu kama ya ngoma. Watoto wakanyamaza, nami nikanyamaza nione.

Kuna kijana wa darasa la tatu amekaa mbele. Huyo mwezi wa tano alikuwa hawezi kuunganisha "ma" na "ma" apate "mama". Akanyoosha kidole kwenye kitabu, akamwambia polepole: "Hapo ina alama juu. Ukiiona hiyo, unapitishia puani." Akaweka kidole kando ya pua yake, akatoa sauti: ng', ng', ng'. Mjukuu wangu akaweka kidole puani naye. Ng'. Wakarudia mara tatu au nne, wawili tu, sisi wengine hatupo. Kisha yule kijana akaenda ubaoni mwenyewe, sikumtuma, akaandika "ngoma", chini yake "ng'ombe", akampa chaki aandike la kwake. Akaandika "ng'ambo".

Jioni nilikuwa nakamua, nikamsikia nyuma ya banda anamwambia ng'ombe jina lake, taratibu, kidole kikiwa puani.

Baba yake alikuja kutuchukua siku ya tatu. Alikuta bado hatujamaliza, akakaa kwenye benchi la nyuma na miguu yake mirefu. Daftari lilikuwa mezani akalifungua. Akaniuliza, "Mama, hawa wenye alama nyekundu ni akina nani?" Nikamweleza. Akahesabu, kumi na mmoja. Akauliza, "Usipokuwepo miezi mitatu, hawa wanafika wapi?" Nikamwambia wanarudi kwenye silabi. Akafunga daftari. Kesho yake alikwenda Himo akarudi na kopo la rangi nyeusi, akapaka ubao wetu, ambao ulikuwa umebaki kijivu.

Usiku tulikaa watatu, mimi, yeye na mkewe. Nikawaomba kila kitu tuzungumze wote tukiwepo. Mkwe wangu akasema jambo ambalo sikulijua: mama yake mzazi yuko Kondoa na ana hamu ya kuja, lakini hakuna aliyemwambia, kwa sababu walishaamua ni mimi. Mama wa watu amekaa anajiuliza amekosea nini! Tukampigia pale pale. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Tumekubaliana hivi. Bibi wa Kondoa anakuja mtoto akizaliwa, anakaa muda wote wa zile siku 84. Mimi naenda mwishoni mwa Aprili likizo inapoisha, nakaa miezi mitatu, narudi mwisho wa Julai. Hapo katikati shule zimefungwa kwa mwezi mzima, kwa hiyo darasa halipotezi sana. Wakati huo wao wanatafuta dada wa kazi, namfundisha mimi mwenyewe, naondoka akiwa ameshanielewa. Mwalimu mwenzangu mstaafu anashika darasa siku mbili kwa wiki. Ng'ombe mmoja anakwenda kwa jirani, tutagawana maziwa, mwingine atabaki na kitinda mimba wangu. Chaki za mwaka mzima amenunua mwanangu. Kukhu, nilitaja tarehe ya kwenda na ya kurudi kama ulivyoniagiza.

#14 | KukhuKakamega

Asante Mungu. Huyo bibi wa Kondoa umsalimie sana.

#15 | mwl_darasa_la_kwanza

Bibi, huyo kijana wa kidole puani ametatua kitu ambacho mimi nimekuwa nakieleza ubaoni kwa maneno mengi bila mafanikio. Nitakitumia Januari hii.

#16 | damu_nzito

Nami nimeshukuru. Niliandika kwa ukali kwa sababu mimi sikulelewa na bibi yeyote, wote walifariki kabla sijazaliwa. Nilikuwa namsemea huyo mtoto.

#17 | BibiWaMwika

Mwanangu, sikukuona mkali hata kidogo. Ukipita Mwika uliza nyumba ya mwalimu, utakula kiburu.

#18 | BabuMakunduchi

Bi Mwalimu, Mwaka Kogwa unakaribia, wangu wameanza kupiga simu za safari. Wewe uko wapi hivi sasa?

#19 | BibiWaMwika

Niko Dar, Kimara, na mjukuu wa nane amelala kifuani kwangu, naandika kwa kidole kimoja. Ni wa kiume, amepewa jina la babu yake. Nilipofika bibi wa Kondoa alikuwa bado hajaondoka, tukakaa pamoja siku sita. Tulikuwa tunapika wote, akanifundisha wanavyopika mlenda kwao. Alivyoondoka nililia kama nimemsindikiza dada yangu.

Siku zangu huku zina shughuli zake. Asubuhi mkwe wangu anakamua maziwa yake, tunayaweka kwenye friji, anaondoka saa kumi na mbili kuwahi mwendokasi. Dada wa kazi amepatikana, binti wa Lushoto, mtulivu. Simwachii mtoto peke yake bado. Kwanza tunafanya wote, kumwogesha, kumlisha, kumbeua, mpaka mikono yake izoee. Nimemwuliza kama anasoma, akasema kidogo. Jioni mtoto akilala tunakaa naye mezani nusu saa na vile vipande vya maboksi, nilikuja navyo kwenye begi.

Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeogopa giza. Nimelijua wiki ya pili. Ananiambia usiku, akishanishika kidole.

Darasa linaendelea. Kabla shule hazijafungwa, kila Jumatano saa kumi mwalimu mwenzangu alikuwa ananipigia, anaweka simu juu ya meza, watoto wanakuja mmoja mmoja kunisomea sentensi. Mmoja wa wale wenye alama nyekundu alinisomea ukurasa mzima, mjukuu wangu mchanga huku analia, nikawa nabembeleza huku nasikiliza. Nilimwambia mwenzangu amwekee alama ya kijani. Akaniambia kalamu ya kijani hatuna, nije nayo.

Tiketi ya treni nimeshakatiwa. Kalamu nimenunua tatu.